Jiko la Bi Mwamvita Si Ngome

Mgeni rasmi, karibu sana, ila kabla hujakaa tunaomba usiegemee ukuta ulio nyuma yako. Ni ukuta wa jiko la Bi Mwamvita, na kwa mujibu wa bango ulilokuja kulizindua, kuuegemea ni kosa. Shikamooni wakubwa zetu mlioongozana naye, na wengine hamjambo. Sisi ni wakazi wa Ngomeni Juu, nyuma ya Mbagala, mahali ambapo lami hukata tamaa. Tope la viatuni lisikusumbue, sote tunalo. Moshi unaouona utaelezwa mbele.

HISTORIA YETU

Mgeni rasmi, kileleni, katikati ya msitu, ipo ngome ya mawe. Nani aliijenga hatukubaliani. Mzee Suleiman anasema Waarabu, Mwalimu Gaspar anasema Wajerumani, na kikao cha kuamua jambo hilo kimevunjika mara mbili. Tunachokubaliana ni kwamba fundi wake hakutoka mtaani kwetu, maana haijapasuka.

Chini yake babu zetu walijenga nyumba. Leo ziko thelathini na moja, na ya Bi Mwamvita ndiyo ya mwisho kabla ya miti. Jiko lake alilijenga kwa mawe yeye na marehemu mumewe. Amepikia humo misiba yetu yote, ya Waislamu na ya Wakristo, kwa miaka arobaini na miwili, na moshi umeyafanya mawe hayo yaonekane yana umri mkubwa kuliko ngome yenyewe. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

MAFANIKIO

Msitu tumeulinda. Wachoma mkaa walipokuja na misumeno, Bi Mwamvita aliwatimua kwa mwiko wa pilau, nasi tukafika baadaye kumpongeza. Tumbili wapo, tena wamezidi. Ukurasa wa pili wa risala hii wanao wao.

CHANGAMOTO

Mwezi wa nne walikuja wapimaji. Tuliambiwa ngome itahifadhiwa, na majengo mengine yote ya kilimani yasiyo na kibali yatabomolewa. Mvua ilikuwa inanyesha. Njiani walimkuta Mzee Mwishehe amekumbatia fenesi kwa mikono miwili.

"Shikamoo mzee. Ngome iko wapi?"

"Marahaba. Si ile pale!"

Mgeni rasmi, mtu aliyekumbatia fenesi haonyeshi kwa kidole. Mzee Mwishehe alionyesha kwa mdomo, kama tufanyavyo sote, akaubetua kuelekea kileleni. Bahati mbaya, kati ya mdomo wake na kilele kulikuwa na jiko.

Wapimaji wakalipiga picha jiko, wakaligongelea bango: JENGO LA KALE. USIGUSE. USIEGEMEE. USIWASHE MOTO. Bi Mwamvita akatoka na upawa mkononi.

"Wanangu, hilo jiko langu. Mie ndo nililijenga na baba Hamida."

"Bibi, usijali," kijana mmoja akamjibu kwa upole, "sie tuna ramani."

Kisha wakachukua kopo la rangi nyekundu wakachora X kwenye nyumba zote thelathini na moja. Walipofika kileleni wakakuta jengo kubwa lisilo na kibali. Nalo wakalichora X. Tingatinga linakuja Jumatatu.

Tuliandika barua. Tukajibiwa tulete uthibitisho kwamba jiko ni jiko. Uthibitisho wa jiko ni moto, na moto umekatazwa na bango. Wakati huohuo wanafunzi wawili wa chuo kikuu walitoka hosteli za Mabibo wakayachunguza mafiga matatu, wakaandika kwamba yalikuwa ya kuwekea mizinga.

Bi Mwamvita tangu hapo alikuwa akipika uani kwa jirani. Juzi tulimkuta amekaa mlangoni, chini ya X yake, analitazama jiko lililopoa.

"Nyumba watabomoa, jiko watabakisha," akasema. "Sasa mie nikalale wapi? Juu ya mafiga?"

Tulicheka, halafu tukaona kwamba yeye hacheki. Mgeni rasmi, tuliumia sana.

MAOMBI

Kamati iliandika maombi tisa. Bi Mwamvita akayafuta manane, akisema, "Mkiomba tisa mtapewa lile la mwisho, nalo ni mipira ya vijana." Tunaomba hili moja: bango lipandishwe kileleni linakostahili, na X zote zifutwe, ya ngome pamoja na zetu. Ngome imefika leo, na msitu wake umefika leo, kwa sababu kulikuwa na watu hapa. Chokaa na brashi za kufutia tumeshaziweka kileleni, zinakungoja.

Sasa kuhusu moshi. Leo alfajiri Bi Mwamvita amevunja sheria. Amewasha moto ndani ya Jengo la Kale na kubandika pilau la wageni. Utepe utakaoukata umefungwa kwenye mlango wa jiko, na mkasi ni huu hapa. Ukiukata, utakutana na sufuria. Ukila, wewe ndiye shahidi wetu kwamba jiko ni jiko. Usipokula, Bi Mwamvita anasema yuko tayari kukamatwa, ila askari wamngoje kwanza apakue.

Mungu akujalie afya, macho ya kuona mbali kuliko mdomo wa Mzee Mwishehe, na tumbo lenye nafasi.

Ni sisi wako, Wakazi wa Ngomeni Juu, nyumba thelathini na moja na jiko moja.