Bwana Kadibodi Anaaga Dirisha Namba Nne

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne katika masjala ya vitambulisho, mwenzetu wa Dirisha Namba Nne, tuliyezoea kumwita Bwana Kadibodi, anastaafu leo Ijumaa, tarehe 31 ya mwezi huu. Nimekaa kiti cha pili kutoka kwake kwa miaka kumi na mmoja, ndiyo maana kamati ya sherehe imenipa kazi ya kuandika wasifu huu. Waliniomba niandike kwa furaha. Nitajitahidi, ila nina hasira, na sina sababu ya kuificha.

Aliajiriwa kijana mwembamba, shati la kuazima kwa kaka yake. Alianza kwa kupanga faili, kisha akapewa dirisha, awajibu watu wa benki, shule na waajiri waliotaka kuhakikisha kwamba fulani ndiye kweli fulani. Mwaka wake wa tatu alifanya kosa ambalo hajawahi kumficha karani yeyote aliyemfundisha kazi. Mwanamume mmoja alikuja analia kwamba mkewe katoweka, akaomba nakala ya fomu ya mke huyo, athibitishe ndoa tu. Bwana Kadibodi akamwonea huruma mwanamume mwenzake, akamtolea fomu nzima. Kwenye fomu kulikuwa na anwani mpya ya mke, fundi cherehani, ambaye hakutoweka bali alimkimbia. Kesho yake fundi yule alifuatwa hadi chumbani kwake, akavunjwa mkono wa kulia.

Bwana Kadibodi alikwenda hospitali kumwomba radhi. Fundi alimuuliza mume alitaka kujua nini. Akajibu, ndoa tu. Fundi akamuuliza, sasa na nyumba yangu ulimpa ya nini? Bwana Kadibodi alirudi kazini. Akachukua boksi tupu la karatasi, akakata kipande cha kadibodi, akatoboa tundu la upana wa mstari mmoja wa fomu. Tangu siku hiyo aliyeuliza umri alioneshwa mstari wa umri, basi. Mara nyingi hakuoneshwa hata huo. Aliambiwa ndiyo, ametimiza, au hapana, bado.

Tabia hiyo aliibeba mpaka nyumbani. Wakwe walipokuja kumposa binti yake na kuuliza ana miaka mingapi, aliwajibu tu kwamba ametosha. Mkewe analalamika hadi leo kwamba kumuuliza mumewe alikula nini mchana ni kama kuomba siri za jeshi.

Miaka sita iliyopita tuliletewa msanifu programu, binti mwepesi wa akili na mwepesi zaidi wa kukasirika. Alikuja kutujengea blokcheni: daftari la kidijiti ambalo ofisi nyingi hulitunza kwa pamoja, kila moja na nakala yake, asiwepo mtu wa kulichezea peke yake. Mwanzoni alipanga kuandika kila kitu humo, anwani pia. Bwana Kadibodi alimuuliza swali moja tu. Mtu akihama kwa kumkimbia mtu, anwani yake inafutika? Binti akajibu kwa fahari kwamba humo hakifutiki kitu. Waligombana siku tatu, mpaka mhudumu wa chai akawa anaacha vikombe mlangoni. Siku ya nne Bwana Kadibodi alimwekea mezani kile kipande chake cha boksi, akamsimulia habari za fundi. Binti alifuta kazi ya miezi miwili, akaanza upya.

Ndiyo maana leo taarifa za mtu zinakaa kwenye simu yake mwenyewe, na daftarini kuna muhuri wa kidijiti tu, unaothibitisha kwamba taarifa hizo ni za kweli. Benki ikiuliza kama mteja ametimiza umri, simu yake hutoa uthibitisho wa jibu hilo moja, benki ikaulinganisha na muhuri, na mambo yakaishia hapo. Watu laki nne wanautumia mfumo huu. Fundi cherehani, ambaye amehama mara mbili tangu wakati ule, ni mmoja wao.

Sasa nifike panaponiuma. Kanuni za mfumo hazibadiliki mpaka funguo tatu zichomekwe kwenye kompyuta kwa pamoja: wa msanifu programu, wa mkurugenzi wetu, na wa karani wa Dirisha Namba Nne. Miezi mitano iliyopita mkurugenzi alitaka liongezwe "dirisha la usimamizi", ili kila mtu anapothibitishwa, taarifa zake zote zivutwe kutoka kwenye simu na kuhifadhiwa ofisini kwake. Za nini? Takwimu, alisema. Msanifu programu ana mkataba unaokwisha mwaka huu. Alitishwa, akakubali huku analia. Bwana Kadibodi alikataa. Akabembelezwa, akavishwa kilemba cha ukoka, akaitwa baba wa mfumo. Akakataa tena.

Wiki moja baadaye ikagunduliwa, eti kwa bahati, kwamba ana siku mia moja na kumi za likizo ambazo hakuwahi kuchukua, na kwamba ni lazima azichukue zote kabla ya kustaafu. Mtu aliyekuja kazini hata akiwa na homa aliondolewa kitini kwa kosa la kutopumzika! Na leo wale wale wametundika maputo ukumbini na kukata keki. Ni aibu, na sioni neno jingine la kuiita.

Kwa yote, tunamshukuru. Tunamshukuru kwa watu ambao hawatajua kamwe kwamba aliwalinda, maana wao hawakuulizwa na yeye hakusema. Bwana Kadibodi, kaa na mkeo, lala mchana bila kumwomba mtu ruhusa, na uishi maisha mema na marefu.

Kanuni inasema mwenye ufunguo akistaafu, hurithiwa na karani anayeshika dirisha lake. Karani huyo ni mimi. Mkurugenzi ameniita Jumatatu saa tatu, akasisitiza niende nao. Namwokolea muda, hapa mbele ya wageni wake wote: sitauchomeka.