Jina Lisiloandikwa Kwenye Bango

Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Padri wetu na Shehe wetu mliokaa benchi moja bila kusukumana, ndugu wageni waalikwa kutoka ofisi ya umeme, na ninyi akina mama mliofika na ndoo za mtama tangu asubuhi kana kwamba hotuba yangu ndiyo itakayosaga: nawasalimu nyote. Walionizidi umri, shikamooni. Siwaoni, lakini shikamooni.

Mimi ni Damiani Chibago. Shule niliishia darasa la pili, tena niliacha mwenyewe, sikufukuzwa. Lakini mashine hii ya kusaga tunayoizindua leo nimeinunua kwa zabibu zangu, na Hombolo yote hakuna anayepogoa mzabibu kama mimi. Anayebisha asimame. Hayupo. Sasa niambieni, mtu kama huyu anaulizwaje, “Wewe ni nani?”

Ndiyo, niliulizwa! Mashine ililala chini ya turubai kiangazi kizima, ninyi mkitembea na ndoo kichwani mpaka kijiji cha pili, kwa sababu mimi sikuwa mimi.

Ilianza na kijana anaitwa Rodgers. Alikuja na pikipiki na fulana yenye picha ya taa, akasema yeye ni fundi, ametumwa kuandikisha wanaotaka umeme. “Shikamoo babu. Nipe kitambulisho chako nikipige picha, usijisumbue kwenda mjini.” Shikamoo yake ilikuwa nzuri kuliko za wajukuu zangu hawa. Nikampa. Akanywa maji, akazunguka zunguka pale lilipo kaburi la marehemu mama yangu, akaondoka. Kumbe kishoka, fundi wa uongo! Ana baa yake mjini, imekatiwa umeme kwa wizi, jina lake limechafuka, akaona avae langu.

Nilipoona kimya, nikaenda ofisini mwenyewe. Dirishani nikamkuta huyu binti Editha, huyu aliyekaa pale anajifanya hanisikii.

“Shikamoo mzee. Namba ya kitambulisho chako imefungwa. Kuna mtu aliomba umeme wa baa kwa jina lako, kwa simu. Akaulizwa swali, akakosea.”

“Baa? Mimi sinywi hata togwa iliyolala!”

“Basi nithibitishie kuwa ni wewe. Mama yako mzazi anaitwa nani?”

Jamani! Nyumbani kwetu jina la mama haliropokwi, tena mbele ya foleni ya watu wanaotafuna karanga. Nikamwambia, “Binti, mpigie Mwenyekiti wetu, atakwambia Damiani ni nani.”

“Mwenyekiti anakujua, mzee. Kompyuta haimjui Mwenyekiti.”

“Na yule mwizi alijibu nini?”

“Sikwambii. Na wewe ukijibu, sitamwambia yeye.”

Nikarudi nyumbani nimefura. Nikaenda tena, akauliza lile lile. Nikaenda na Mwenyekiti mwenyewe, kavaa koti, binti akamwamkia vizuri, akamwekea kiti, kisha akauliza lile lile! Ndugu zangu, huyu binti amelelewa na nani? Hivi nywele zangu nyeupe hazitoshi kuwa kitambulisho?

Ningebaki na ubishi wangu mpaka leo. Lakini mke wangu Domitila, akitoka kusaga huko kijiji cha pili, aliteleza korongoni na ndoo ya unga, akavunjika mkono. Yuko pale, mkono umefungwa, ananitazama kwa lile jicho mnalolijua.

Nikaenda ofisini. Nikamwomba Editha aondoe watu dirishani. Akawaondoa wote, hata mlinzi. Nikainama, nikalitaja. Kompyuta ikakubali.

Rodgers alipofika kulazimisha ombi lake, polisi walikuwa wanamngoja. Mnajua alilalamika nini? “Jina la mama yake nililisoma msalabani mwenyewe, nimekoseaje?”

Alikosea kwa sababu hanijui. Siku ya kuandikishwa kitambulisho, nilipoulizwa jina la mama, nilimtaja ng’ombe. Msicheke! Mwaka wa njaa mama yangu alikaukiwa maziwa nikiwa mchanga, na yule ng’ombe ndiye aliyeninyonyesha. Jina la mama nikalihifadhi, aliyenilea nikamtaja. Uongo uko wapi? Naye ni mama, jina lake haliropokwi mbele ya foleni.

Binti Editha, usinikonyeze. Nimesema ng’ombe, jina lake sijasema. Waliomjua wamekufa wote, nimebaki mimi.

Mheshimiwa Diwani, huyu mtumishi wenu ni msumbufu. Ni mkaidi kunishinda, na hilo sijapata kumwambia mtu yeyote hapa duniani. Kesho akija kishoka mwingine na shikamoo yake tamu, mpelekeni kwake.

Mnaona bango pale mlangoni limeandikwa “Mashine ya Kusaga” tu, na chini pako wazi. Khalidi, mchoraji wetu, alikuja na rangi akaniuliza iitweje. Nilikuwa nalo jina moja tu. Yule ng’ombe hana kaburi wala msalaba, na nilitaka walau mtu mmoja alisome jina lake. Nilifungua mdomo kumtajia. Kisha nikakumbuka kuwa vishoka nao wanasoma mabango, nikaufunga, nikamwambia Khalidi akaoshe brashi zake.

Pabaki wazi hivyo hivyo. Domitila, njoo uwashe kwa huo mkono mzima.

Asanteni kwa kunivumilia. Leteni mtama.