Simu Ilisema Bado

Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni. Mama mwenyekiti wa jumuiya yetu ameniomba nitoe ushuhuda wa shukrani, na amenionya nisiongee kwa hasira. La kwanza nitaweza. La pili mniombee.

Wengi mnanijua kama yule binti wa hapa Keza anayechezea kompyuta. Sichezei. Natengeneza tovuti, zile kurasa mnazofungua kwenye simu mkitafuta matokeo ya mitihani. Kila kitufe mnachobonyeza kuna mtu aliketi akakiandika, na mara nyingi mtu huyo mgongo unamuuma. Lakini kwetu hapa ukisema unafanya kazi ya kompyuta, unaletewa simu iliyotumbukia kwenye ndoo. Mnacheka, na kuna mmoja humu aliniletea redio ya kaseti!

Nilisomea Mwanza, nikarudi nyumbani kwa sababu macho ya mama yalikuwa yanapungua nguvu. Nikapata mkataba na ofisi moja ya Dar es Salaam, kazi naifanya nikiwa hapa Keza. Ndugu zangu, nawaambia, kazi ile ilinitoa jasho nikiwa nimekaa. Mvua ikinyesha, mtandao hakuna. Umeme ukikatika, unakimbilia betri ya sola ya jirani, na jirani anatazama mpira. Meneja wangu naye asubuhi anataka ukurasa uwe bluu, jioni anauliza nani alisema uwe bluu.

Kilichoniweka sawa ni kazi isiyo kazi. Jumapili baada ya misa nilikaa kijiweni na brashi, nikiandika misemo kwenye zile raba za nyuma za pikipiki, za kuzuia matope. Vijana wa bodaboda wanakuja na maneno yao, mimi nayapamba. Rangi haisubiri mtandao, na ukikosea unafuta kwa mafuta ya taa.

Ikaja miaka ile ndugu zetu wa Burundi walipoanza kuvuka tena. Sina haja ya kuwaeleza, maana baadhi yenu mlivuka mpaka huo huo mkiwa mmebebwa mgongoni. Ofisi yetu ikapewa kazi ya kutengeneza ukurasa kwa ajili ya watu waliofika kituo cha mapokezi kule mpakani: maji yako wapi, daktari anakuja lini, basi la kwenda kambini Kibondo linaondoka saa ngapi. Niliuandika mimi, kwa Kiswahili na Kirundi, na nilijivuna sana. Ila meneja hakutaka saa iandikwe hivi hivi. Alitaka dakika zihesabike zenyewe kwenye simu ya mtu, zikipungua mpaka basi liondoke. Nikamwambia watu wale wamechoka, tuwaandikie saa tu. Akasema watu wanapenda kuona kitu kinatembea. Nikaweka alivyotaka.

Watu wakaanza kuachwa na basi. Baba mmoja alikwenda kuchota maji ya safari kwa sababu simu yake ilimwonyesha muda upo. Aliporudi, mke wake na watoto, hata yule wa kunyonya, walikuwa wameshaondoka, na basi jingine lilikuwa la wiki inayofuata. Akaambiwa mwandishi wa ukurasa ni binti wa Keza. Bodaboda mmoja akamleta mpaka mlangoni kwetu.

"Amahoro, dada," akanisalimia kwa Kirundi, bila kupandisha sauti. "Ni wewe uliyeandika ile habari ya basi?"

"Ni mimi, kaka."

"Basi nieleze. Mbona ilisema bado?"

 Nikafungua ukurasa mbele yake. Dakika zilikwenda sawasawa na saa ya ukutani ya mama. Nikamwonyesha, na nilidhani namtuliza.

Akatazama ukurasa, akatazama saa ya mama. "Kwa hiyo mimi ndiye mwongo," akasema. Mama alimkaribisha chakula, akakataa, akaondoka.

Nikampigia meneja. Akafungua ukurasa huko aliko, akasema, "Mbona huku unafanya kazi vizuri?" Nikamwambia watu wanaachwa. Akajibu, "Kama huku unafanya kazi na huko haufanyi, basi tatizo liko kwako." Mwezi ulipoisha, mkataba wangu nao ukaisha. Sokoni nikawa nasikia nyuma yangu: ndiye yule aliyetenganisha watu na watoto wao. Jamani, mimi ambaye sijawahi kung'oa hata muhogo wa mtu!

Nikaisukuma kompyuta chini ya kitanda, nikaenda kwa shangazi yangu Nyantakara kulima maharage. Shangazi alidhani nimekuja kusalimia. Maharage yakapandwa, yakang'olewa, yakapigwa, bado nipo. Niliapa kwamba tovuti basi, na watu basi. Huku jumuiya hamkuniona, mnakumbuka. Mungu mwenyewe nilimuuliza maswali kwa ukali, na kusema kweli bado sijamwomba radhi.

Nilirudi Keza kwa ajili ya mama tu. Jumapili nikashika tena brashi, nikakaa kijiweni. Vijana wale wanabeba abiria kwa zamu, na siku ile wawili wakashikana mashati. Mmoja anasema mwenzake amemrukia zamu, mwingine anasema saa yake haijafika. Wakatoleana simu. Moja ilisema saa nne na nusu, nyingine saa tatu na nusu.

Wenzao wakaangua kicheko. "Mwacheni huyo, ametoka mpakani sasa hivi. Simu yake imeshika mnara wa ng'ambo. Ngojeni, itarudi yenyewe."

Ndugu zangu, nani humu hajui jambo hilo? Wenzetu ng'ambo, huko Burundi, wako nyuma yetu saa nzima, na ukikaribia mpaka, simu inahamia kwao bila kukuaga. Nalijua tangu niko sekondari. Lakini sikuwahi kuliweka pamoja na kazi yangu. Ukurasa wangu ulikuwa unaiuliza simu ya mtu ni saa ngapi, na kule kituoni simu zilijibu saa ya ng'ambo. Mnara ule haufiki Dar es Salaam, wala haufiki sebuleni kwa mama. Na hata kama tungeandika saa ya basi kavu, saa mbili, mwenye simu ya namna ile angeachwa vilevile.

Nikampigia meneja palepale, mikono ina rangi. Nikamweleza pole pole kama ninayemweleza mtoto. Akasema, "Dada, saa ni saa. Simu inajirekebisha yenyewe." Akakata. Nililia pale kijiweni mbele ya vijana, nalia kwa hasira.

Mmoja wao, ambaye raba yake ilikuwa haijakauka, akaniuliza, "Sasa dada, si ukawaandikie kwa rangi?"

Akanipakia na makopo yangu mpaka kituoni. Mama msimamizi wa kituo alinisikiliza mpaka mwisho, mtu wa kwanza tangu mambo yaanze, akanipa bati zima. Nikaandika kwa herufi kubwa, kwa lugha zote mbili: BASI LINAONDOKA SAA MBILI, SAA YA TANZANIA. SIMU YAKO IKISEMA SAA MOJA, PANDA. Tukalisimamisha getini, na juu yake akatundika saa ya ofisini kwake. Watu wakaacha kuachwa. Jioni ile niliivuta kompyuta kutoka chini ya kitanda na kuifuta vumbi.

Bado jina langu lilikuwa chafu. Malalamiko ya wale walioachwa mwanzoni yalipoifikia ofisi, ikamtuma meneja aje ajionee. Akafikia nyumba ya wageni kule mpakani. Nilimpeleka kwenye bati, akalipiga picha, akasema nina ubunifu. Ubunifu! Nikamwambia, "Kesho basi lako la Mwanza ni saa kumi na moja alfajiri. Usiitegemee simu." Akasema ameshaweka alamu.

Kulipopambazuka akanipigia. "Dada, niko stendi. Basi silioni."

Nilicheka mpaka mama akadhani nimechanganyikiwa. Kisha nikapanda bodaboda nikamfuata. Nilimkuta ameketi juu ya begi lake, akitazama simu, halafu saa ya mama muuza chai, halafu simu tena. Ukurasa wetu ulikuwa wazi mkononi mwake.

"Uliniambia," akasema.

Alitaka kunirudishia mkataba palepale. Nikamwambia mkataba utasubiri, kwanza kuna mtu wa kuongea naye. Namba ya yule baba tuliipata kwa bodaboda aliyemleta kwetu. Meneja akampigia kambini, akajieleza, akamwambia kosa lilikuwa la ofisi, na kwamba baba huyo hakuchelewa kwa uzembe.

 Kisha tukamsikia yule baba akisema, "Mimi nilijua. Mke wangu ndiye hajawahi kuniamini, anadhani nilitaka kubaki. Ngoja nimpe simu, umwambie yeye."

Meneja akarudia maneno yote upya, kwa yule mama. Mimi niligeuka nikatazama barabara ya Biharamulo.

Nawashukuru vijana wa kijiwe, namshukuru mama wa kituo kwa bati lake, na shangazi aliyenilisha msimu mzima bila kuniuliza. Meneja namshukuru pia, kidogo. Kazi nimerudi kuifanya, na hasira haijaisha, maana juzi ameuliza tena nani alisema bluu. Ila jambo moja naliacha kwenu. Mtu akija kwako akasema ameachwa, usikimbilie kumwonyesha kwamba kwako mambo yako sawa. Mimi nilimwonyesha, na ilikuwa kweli tupu, na akarudi peke yake amebeba aibu isiyo yake. Vaa viatu, nenda mpaka pale alipoachwa. Mungu awabariki.