Robine ya Mama Chanelle

ORPHA: Haloo? Ni nani? Hii namba mi siijui.

ASTÈRE: Ni mi, Orpha. Ni Astère.

ORPHA: Astère gani? Niko na bwana wa jina hilo huko Bujumbura, lakini ye iko na simu yake.

ASTÈRE: Ya kwangu imekufa moto. Umeme ulikatika tangu jana. Hii ni ya Sikuzani.

ORPHA: (kimya) Sikuzani.

ASTÈRE: Muuzaji wa duka ya mabomba, hapa karibu na soko! Iko na wajukuu sita!

ORPHA: Kwani mi nimeuliza kitu?

ASTÈRE: Kimya yako imeuliza.

ORPHA: (anacheka) Jambo basi, Papa Chanelle. Nyumbani Kinindo ni namna gani?

ASTÈRE: Ni kuzuri. Mama yako hajambo? Watoto?

ORPHA: Mama hajambo. Watoto wako wanakula samaki ya huku Uvira, mashavu imejaa. Ngoja nipande juu kidogo, netiwake inakimbia... Haya, niko nyuma ya kanisa. Unafanya nini ku duka ya mabomba?

ASTÈRE: Natafuta robine ya jikoni, ile ya kufungulia maji. Kuna mbili hapa, sijui ya kuchukua. Nikasema niulize mutoto wa plombie.

ORPHA: Papa aliweka mabomba ya misheni miaka makumi mbili, njo unamukumbuka leo. Na robine yetu iko na nini?

ASTÈRE: Ilizeeka.

ORPHA: Tuliiweka juzi juzi!

ASTÈRE: Ilianza kutoa machozi. Tone, tone, usiku mu—

ORPHA: Na we ukafanya nini?

ASTÈRE: Nikaikaza kidogo.

ORPHA: Na mukono?

ASTÈRE: Na... koleo.

ORPHA: Astère!

ASTÈRE: Kidogo tu!

ORPHA: Ikavunjika.

ASTÈRE: Shingo. Ilibaki mu mukono yangu kama ya kuku.

ORPHA: Yesu wangu! Robine ikilia haiombi nguvu. Ni kale kampira ka ndani kamechoka. Unafunga maji ya nyumba, unafungua kichwa, unatoa kampira, unaweka kapya. Basi! Mutu wa diplome mbili!

ASTÈRE: Ya mabomba hawakunipa.

ORPHA: Na unapikia maji gani?

ASTÈRE: Ya ndoo. Natekea kwa Consolate.

ORPHA: Consolate jirani? Amerudi?

ASTÈRE: Wiki ya jana. Na watoto wake wote. (anakohoa) Nilitaka tu ujue.

ORPHA: Na ule ukuta yake?

ASTÈRE: Bado iko na matundu ya risasi. Lakini kwetu nimeziba yote, hata ya chumba ya watoto. Nimepaka na rangi. Huwezi jua kulikuwa kitu.

ORPHA: Mi nitajua.

(Simu inakwaruza.)

ASTÈRE: Orpha? Uko?

ORPHA: Niko. Usiku kunasikika nini?

ASTÈRE: Viboko. Wanatoka ku ziwa wanakula majani ya watu.

ORPHA: Astère.

ASTÈRE: Viboko... na siku zingine, mbali, ku milima. Si kama ile wiki ya mwezi wa saba, mabomu ilipofika mpaka kwetu. Wiki mbili sasa silali chini ya meza.

ORPHA: We na urefu wako, chini ya meza! Miguu ilibaki wapi?

ASTÈRE: Inje. Nikasema wakitaka kitu, wachukue miguu.

ORPHA: (anacheka, anaacha) Sikia. Direktere wa shule ya hapa alinipitia. Anataka majina ya watoto mbele ya kesho kutwa, awaandike wasomee huku.



ASTÈRE: Ni... ni shule muzuri?

ORPHA: Iko na madirisha.

ASTÈRE: Ni vizuri.

ORPHA: Ni vizuri, anasema! Hata hubishi kidogo?

ASTÈRE: Mwezi wa sita nilibisha. Nikasema mubaki, hakuna kitu itafika Kinindo. Halafu nikabeba Chanelle ku mugongo, tunatambaa mu mufereji, na ye ananiuliza kama nimeanguka. Sitabisha tena, Orpha. We njo utasema.

(Simu inakwaruza.)

ORPHA: Robine mbili, unasema.

ASTÈRE: Eh?

ORPHA: Niambie ziko namna gani.

ASTÈRE: Moja inang'aa, shingo fupi, kichwa ya kuzungusha. Ingine haing'ai sana, shingo ndefu, iko na ka mukono ka kusukuma.

ORPHA: Zipime mu mikono yako. Ipi nzito?

ASTÈRE: Ile haing'ai.

ORPHA: Hiyo njo shaba ya kweli. Ile ingine ni rangi tu, kama bwana-arusi.

ASTÈRE: Hata mi?

ORPHA: We kwanza. Fungua, funga. Inakwama?

ASTÈRE: Apana. Sikuzani anacheka, anasema nimeoa plombie.

ORPHA: Mwambie ni plombie ndiye alikuonea huruma. Sasa shika neno: maji ikikatika, ikirudi inaleta muchanga. Usianze na ya jikoni. Fungua ya inje, uchafu itoke yote, njo uje jikoni. Na kale kachujio ku mudomo yake, ukaoshe kila mwezi. Ukipangusa, kitambaa laini. Usisugue na jivu.

ASTÈRE: Inataka kazi kupita mutoto.

ORPHA: Mutoto anasamehe.

ASTÈRE: Basi nichukue nzito?

ORPHA: Ngoja. Ka mukono kake, sukuma na kidole ya mwisho.

ASTÈRE: Ya mwisho?... Inaenda.

ORPHA: Muzuri. Ju Chanelle hana nguvu, na anapenda kujitekea maji mwenyewe.

(Astère anaweka robine chini.)

ASTÈRE: Orpha. Umesema Chanelle.

ORPHA: Kwani uko na mwingine? Huyo Sikuzani—

ASTÈRE: Usicheze. Na yale majina ya—

ORPHA: Direktere atapata watoto wengine. Uvira haikosi watoto.

ASTÈRE: Yampayinka, furaha gani hii! Nikuje kesho?

ORPHA: Kesho apana! Niko naogopa bado, usifikiri siogopi. Juzi upepo ulipiga mulango, nikatupa sahani ya Mama. Lakini jana Chanelle alikuita "ule papa wa mu simu". Sikupenda.

ASTÈRE: Alisema vile?

ORPHA: Alisema. Jumamosi asubuhi, utungoje ku mupaka. Ukisikia kitu ku barabara ya Gatumba, upige, tutabaki.

ASTÈRE: Jumamosi. Saa moja nitakuwa pale. Orpha, Sikuzani anafanya ishara, unite yake ya simu inaisha—

ORPHA: Na mutu asiguse ile robine! Uiache ku meza, nitaiweka mi mwenyewe—

ASTÈRE: Sitaigusa—

ORPHA: —na utafute gari ya mutu, ju tuko na magunia mbili na bibi ya—

ASTÈRE: Bibi? Bibi gani? Mama yako naye anakuja? Haloo?... Orpha? Haloo! (anaangalia simu) Imekatika. Mama Sikuzani, nifungie ile nzito. Na uniambie, kitanda ya mukwe wangu nitaiweka wapi?