Mjaka Ame na Moshi wa Ijumaa

Baada ya miaka ishirini na miwili ya kuchoma chokaa, Bwana Mjaka Ame, fundi mkuu wa moto katika tanuu letu la pwani, anastaafu leo, tarehe 30 Juni 1971. Alhamdulillahi, anaondoka na nyusi zake zote mbili, jambo ambalo mwaka wa kwanza hakuna aliyelitegemea.

Alianza 1949 kwa kubeba mawe. Mkono wake haukuwa na pupa, ulimi ndio uliokuwa nayo; nani hapa hajaambiwa kwamba anapanga kuni kama anayetandika kitanda cha wageni? Lakini kuta nyingi za Mji Mkongwe zimepakwa chokaa yake, na lawama hatujaisikia.

Tutamkumbuka zaidi kwa moshi. Kwa desturi tuliyorithi, tanuu liliwashwa Ijumaa baada ya sala, kwa baraka. Saa hizo upepo hutoka baharini, na moshi mzito wa mwanzo ulikwenda moja kwa moja Jang'ombe, nyumbani kwa mama mkwe wake, Bi Tabia. Kila Ijumaa jioni pumzi zikimbana hadi wanawe wakilia. Ikasemwa ni jini wa Ijumaa. Akafukizwa ubani, maskini, moshi juu ya moshi! Na mganga alitafutwa na Mjaka mwenyewe.

Mwaka 1967 lori la mawe likaharibika. Ijumaa hatukuwasha, na Bi Tabia akala, akacheka, akalala. Mganga akashukuriwa. Jumatatu alfajiri tukawasha; upepo wa asubuhi, utokao nchi kavu, ukaubeba moshi wote baharini, na Bi Tabia asikohoe hata kidogo. Mjaka akautazama ule moshi, kisha akatwambia waziwazi kwamba jini ni sisi.

Wengine tulinuna: na baraka je? Akaamua dua isomwe Ijumaa na kuni zipangwe, moto utiwe Jumamosi alfajiri. Halafu akafanya lililo gumu kuliko moto: akaenda kwa mkwewe, macho chini, akaomba radhi. Tangu hapo Ijumaa za Bi Tabia ni kama za watu wengine, na chokaa haijaharibika hata pishi moja. Uwii, tulishusha pumzi sote!

Ahsante, Bwana Mjaka. Mungu akupe afya na usingizi mtamu wa asubuhi. Kuni zetu ziache, zitapangika. Bi Tabia yupo mstari wa mbele, ameomba kigelegele cha kwanza apige yeye. Tumemwachia. Pumzi anazo.