Goti Letu

Katika basi la kwenda katikati ya Milwaukee, mzee aliyeketi mbele yangu alikuwa akisoma kitabu cha maktaba. Kilikuwa maisha ya Garrick Stoll, wakala wa wachezaji wa mpira wa kikapu, yaliyoandikwa na Stoll mwenyewe. Jalada zima lilikuwa meno yake.

"Anajisifu huyu mpaka aibu naiona mimi," akamwambia mama aliyekaa pembeni yake.

"Ana mdomo, lakini ana moyo," mama akajibu. "Tavaris alipolazwa hospitali, alimletea supu kila Jumapili."

"Wewe Tavaris, huyo mchezaji wake, umemjulia wapi?"

"Nimemzaa."

Mzee akafunua ukurasa. "Basi tazama, dada. Hapa Stoll kaandika, 'Siku goti letu lilipoteguka.' Mtu kakata 'letu' kwa kalamu, kaandika 'la Tavaris'. Kitabu cha maktaba! Mhuni huyo atuombe radhi wasomaji."

Mama alilitazama lile neno kama mtu anayetazama mwandiko wake.

"Garrick nampenda, kaka. Ila goti lilimuuma mwanangu peke yake."

Basi likasimama. Akaupachika mkoba begani.

"Mhuni ni mimi. Na radhi siombi."