Sauti Safi ya Ézéchias

Benchi letu la Butembo liko mbele ya duka la simu, na kahawa anauza Tamar kutoka termosi yake. Tangu vita vilipowaleta wakimbizi wa upande wa Beni, yuko kijana Ézéchias wa Mabalako anayerekodi mechi za mpira anazocheza kwenye simu na kuzitangaza mwenyewe. Tamar huzitazama huku akicheka. Sadrack, tunayemwita Commentateur, yaani mtangazaji, naye hurekodi, lakini akishakata na kuunganisha video, sauti inakwama kama mtu mwenye kwikwi. Sadrack anampenda Tamar, kwa hiyo anamwonea Ézéchias wivu. Sisi tulimsaidia kuona wivu, bure kabisa.

— Sikieni, alisema Sadrack, akabonyeza simu pale anapotangaza goli.

"Bu-bu-bu-buuut!"

Tamar hakugeuka.

— Ni courant, ni umeme, alisema Kahongya. Tunamwita Ingénieur kwa sababu aliwahi kufungua redio. Mpaka leo haijafungika. — Groupe ya mazutu, ile jenereta, inatetemeka, na sauti inatetemeka.

— Mais Ézéchias anachargeaka simu ku groupe ile ile! alisema Sadrack.

— Donc ni antenne. Basoda, maaskari, baliipandisha kule ku mulima, inakula sauti ya batu ya Butembo.

— Na ya Beni inaacha?

— Ya Beni ilishazoea.

Syauswa, nabii wetu, tunayemwita Prophète, aliweka kikombe chini.

— Sauti yako haikatike yenyewe. Ule kijana anaikata, anaenda kuibandika ku yake. Njo maana sauti yake iko nzito.

— Kweli! Sadrack alisimama. — But yangu ya jana niliisikia kwake!

Tuliamini sote, mimi wa kwanza. Hapo hapo Ézéchias akatokea. Tamar alimmiminia kahawa kabla hajaomba, nasi tukanuna. Video ya Sadrack ilikuwa bado inakwama; Ingénieur akamweleza habari ya antena, naye akaisikiliza.

— Hapana antenne, ndugu. Telefone inarekodi picha mbio-mbio, kisha pole-pole. Ukikata vile, sauti inaachana na picha, inakwama. Convertir, geuza video yote kwanza, picha trente, makumi tatu, kila seconde, mwendo moja. Kisha njo ukate.

Sadrack alizidi kumchukia.

— Na yako iko safi juu ya nini?

— Narekodiaka pekee mu chumba. Equipe yetu ya mpira ya Mabalako, vita iliisambaza. Ku video yako nasikiaka batu nyuma banabishana, banacheka. Nakuoneaka wivu, Sadrack. Naweza ikala hapa, ku benchi yenu?

Ingénieur alitazama antena. Prophète alitazama kikombe chake.

Mwishowe Sadrack alisogea. Lakini nafasi aliyomwachia ilikuwa mwisho kabisa wa benchi, mbali na termosi ya Tamar.